Mlango Mpana, Mizani Ile Ile

Ndugu msomaji, chama cha watu wapendao jambo moja hufa kwa maradhi mawili. Maradhi ya kwanza ni mlango kufungwa: waanzilishi hukaa wao kwa wao, husifiana, huzeeka pamoja, na siku moja hutambua kwamba viti vilivyowazunguka ni vitupu. Maradhi ya pili ni mlango kuachwa wazi bila mlinzi: watu huingia kwa makundi, kelele huizidi kazi, na wale waliokijenga chama kwa ustadi wao huondoka mmoja mmoja. Hawagombi wala hawaagi. Hukosa mkutano wa kwanza, kisha wa pili, na mwisho wake majina yao hubaki daftarini tu.

Pengine nawe umeliona jambo hili katika kwaya ya mtaa wenu, katika kikundi cha ngoma, katika timu ya vijana, au kwa wachezaji wa bao walio chini ya mwembe. Hivi si vyama vya mshahara. Mtu huviendea baada ya saa za kazi, akiwa amechoka, kwa sababu moyo wake umependa. Kwa hiyo vikiharibika hakuna mkaguzi wa kuja kuvikagua wala mahakama ya kuvisuluhisha. Kinachopotea ni furaha ya watu, na pamoja nayo hupotea ujuzi ambao pengine ulichukua miaka kukusanywa.

Leo twataka kuliuliza swali hili kwa makini: je, chama cha wapenzi wa jambo fulani chaweza kukua bila ya kupoteza ubora wa wanachama wake? Twadhani chaweza. Tena hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi, kwa maana washairi wa Kiswahili walilifanya jambo hilo hapa hapa nchini, kwa kalamu, bahasha na stempu.

WATANO WA KATANDALA

Tuweke mfano wetu Sumbawanga. Mji huo ambao jina lake huelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi" umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake huwafanya watu wafunge milango mapema. Tangu Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, na Sumbawanga kuwa makao yake makuu, mji umepokea walimu, wauguzi, makarani, madereva na wafanyabiashara wa mahindi kutoka pande nyingi za nchi. Kabla lami ya kutoka Tunduma haijafika, katika muongo wa 2010, safari ya kwenda huko ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Mtu aliyehamishiwa mji wa namna hiyo huhitaji zaidi ya nyumba na kazi. Huhitaji wenzake.

Basi tuseme, kwa mfano tu, kwamba watu watano wa mtaa wa Katandala wanapenda kutunga mashairi: mwalimu, muuguzi, dereva wa lori, karani, na mama auzaye maharage sokoni. Hukutana kila Jumamosi alasiri, husomeana beti, husahihishana, hucheka, hunywa chai. Wakiendelea hivyo hivyo watafurahi, lakini mwalimu akihamishwa Namanyere na dereva akibadilishiwa njia, chama kimekwisha. Kwa hiyo hapana budi wakue. Wakiita watu hamsini kwa mara moja, na siku hizi simu ya mkononi huweza kuwakusanya watu mia mbili kwa jioni moja, je, yule mama mwenye jicho kali la vina atapata nafasi ya kusema? Na hao hamsini, ambao hakuna aliyewafundisha kuhesabu mizani, watajifunza kwa nani?

Hapo ndipo penye fundo. Tulifungue kwa kutazama walivyofanya waliotangulia.

WALIOKUTANA KWA BAHASHA

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianza kuchapisha mjini Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Humo zilitengwa nafasi za mashairi ya wasomaji. Baadaye magazeti mengine yakafuata, na baada ya uhuru magazeti ya Uhuru na Mzalendo nayo yakawa na kurasa za mashairi. Redio nayo ikatoa sauti yake. Karani wa forodha, mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa baraza na kijana wa ghalani, watu ambao hawakupata kuonana uso kwa uso, wakawa wanajuana kwa beti zao.

Wengi walijulikana kwa lakabu. Amiri Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Akilimali alijulikana kama Snow-White. Msomaji aliyefungua gazeti alimtafuta fulani kama mtu amtafutavyo rafiki kwenye kituo cha basi. Huo ulikuwa udugu wa kweli, nao ulifungwa kwa kalamu.

Jambo la kushangaza ni hili: ushairi wa vina na mizani kwa karne nyingi ulikuwa na makao yake pwani na visiwani, Pate, Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Mrima. Watu wa bara walipoanza kuuingia, wengine waliona shaka. Je, mtu ambaye lugha ya mama yake si Kiswahili ataweza kweli kutunga? Na wakija wengi wa namna hiyo, ushairi hautaharibika?

Tazama basi waliokuja. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 huko Ugogo, Dodoma, akawa miongoni mwa mafundi wakubwa wa tungo za zama zake na kiongozi katika chama cha washairi cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Saadani Kandoro, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1926 na aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai, 1954, alitia siasa ya ukombozi ndani ya beti, na diwani yake ya Mashairi ya Saadani ikachapishwa mwaka 1972. Kaluta Amri Abedi naye alizaliwa Ujiji, mwaka 1924. Ujiji, ndugu msomaji, iko kando ya ziwa lile lile ambalo mtu wa Kasanga na Kirando huamka nalo kila asubuhi. Ushairi ulikuwa umekwisha kufika jirani na Ufipa, na haukufika umechakaa.

Uliwezaje kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika bila kupoteza uzito? Twaona mambo matatu.

SHERIA ILIYOANDIKWA

Jambo la kwanza ni kwamba sheria zilitolewa kifuani zikawekwa kitabuni. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo alieleza, kwa lugha ambayo hata mwanafunzi angeifuata, ubeti ni nini, mizani huhesabiwaje, vina vikae wapi, na kwa nini shairi lazima liwe jambo la kuimbika. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua mambo hayo alihitaji kuzaliwa katika mji wenye mafundi, au kumpata bingwa wa kumkalisha chini. Baada ya hapo, aliyekuwa na kitabu na taa ya koroboi aliweza kuanza.

Wako wanaodhani kwamba kuandika kanuni ni kuwafukuza watu. Mara nyingi ni kinyume chake. Kanuni isiyoandikwa humnufaisha aliyezaliwa ndani, na mgeni huitambua kwa kuchekwa tu. Kanuni iliyoandikwa humpa mgeni kipimo kile kile alicho nacho mwenyeji. Akikosea, anaweza kuliona kosa lake mwenyewe kabla hajaonyeshwa na mtu.

Tutoe mfano tulioutunga wenyewe. Mwanachama mpya wa Katandala analeta mstari huu:

Naishi Sumbawanga, mji wa baridi kali

Masikio yanaupenda, lakini kuna mahali unachechemea. Hesabu: na-i-shi su-mba-wa-nga, hizo ni 7. Kipande cha pili, m-ji wa ba-ri-di ka-li, ni 8. Shairi la kawaida hutaka 8 kwa 8, jumla 16. Hakuna haja ya kumwambia mtu huyu kwamba hana kipaji. Mwambie: "Ndugu, kipande chako cha kwanza kimepungukiwa na mizani moja." Atakwenda nyumbani, atarudi na ubeti:

Ninaishi Sumbawanga, mji wa baridi kali,
Jioni beti natunga, nikitafuta methali,
Mizani nikiipanga, vina vipate mahali,
Nifunzeni, sitaringa, nipate kuwa kamili.

Si ubeti wa kumshinda Shaaban Robert, lakini umesimama kwa miguu yake. Na tazama kilichotokea: chama kimempata mwanachama, na mizani haikupunguzwa hata moja. Kama wangemwambia "vizuri sana" siku ya kwanza kwa kuogopa kumvunja moyo, angebaki na saba zake maisha yote. Kama wangemcheka, asingerudi.

MHARIRI NA MAJIBIZANO

Jambo la pili ni kwamba palikuwa na mlinzi mlangoni, na palikuwa na mazungumzo ndani. Mlinzi alikuwa mhariri wa ukurasa. Nafasi ya gazeti ni ndogo. Haikuwezekana kila bahasha ichapishwe. Kwa hiyo beti iliyochapishwa ilikuwa na heshima, na aliyenyimwa nafasi mwezi huu alijua kwamba mwezi ujao mlango haujafungwa. Kuchaguliwa kulimaanisha jambo kwa sababu kukosa kulikuwapo.

Lakini mlinzi peke yake hajengi chama. Kilichowashika watu ni majibizano. Mtu akitunga fumbo, mwingine wa mkoa wa mbali hulifumbua kwa vina vile vile. Mmoja akimkosoa mwenzake, hukosoa kwa shairi, na mwenye kukosolewa hujibu kwa shairi. Humo mnafaa mno kutazamwa na kila anayeongoza kikundi: ili upate haki ya kukosoa, ilikulazimu kwanza utunge. Maneno matupu hayakuwa na ukurasa. Mlalamikaji naye alipimwa kwa mizani ile ile aliyotaka kuwapimia wengine.

Fikiri jambo hilo kwa kikundi chochote. Katika kwaya, anayesema kwamba sauti ya pili imepotea, na aiimbe. Katika bao, anayesema kete ilichezwa vibaya, na akae mchezoni. Desturi hiyo hupunguza domo na huongeza kazi, wala haimtukani mtu.

KILA MGENI NA MWENYEJI WAKE

Jambo la tatu ni subira ya malezi. Wakulima wa Ufipa wana somo zuri juu ya hili. Kwa miaka mingi wamekuwa wakilima kwa vilima viitwavyo intumba: mvua zikielekea kwisha, nyasi hufyekwa na kufunikwa kwa udongo, zikawa vilima vya duara shambani. Nyasi huoza humo ndani. Msimu unaofuata vilima hutawanywa, na udongo uliopata rutuba hupokea ulezi au mahindi. Mkulima anayetaka kupanda juu ya nyasi mbichi siku ile ile atavuna majani.

Mwanachama mpya ni hivyo hivyo. Anahitaji msimu mmoja wa kuwa ndani kabla hajatwishwa mzigo. Zamani mshairi chipukizi alijiweka chini ya fundi, akamwandikia, akamwomba amsahihishie. Chama cha leo chaweza kufanya vivyo hivyo: kila mgeni apewe mwenyeji wake mmoja, wala si kamati nzima. Mwenyeji atamweleza desturi, atasoma beti zake kabla ya mkutano, atamkingia fedheha.

Kutokana na hapo huja hesabu rahisi ambayo viongozi wengi huisahau. Chama chenye watano wanaojua kazi hakiwezi kulea vizuri hamsini kwa mara moja. Chaweza kulea watano. Baada ya msimu watakuwa kumi, na hao kumi waweza kupokea kumi wengine. Kwa mwendo huo watu watano huwa arobaini kwa misimu mitatu, na kila mmoja kati yao amefundishwa na mtu anayemfahamu kwa jina. Idadi ya kupokea hupimwa kwa idadi ya walezi. Wanaobisha hodi waweza kuwa mia, nao wawekwe kwenye orodha kwa heshima na waelezwe sababu.

MAJI YALIPOJAA KWA GHAFLA

Historia hiyo hiyo yatuonyesha pia kinachotokea ukuaji unapokimbia mbele ya malezi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968 akawaomba waieneze siasa ya taifa na utamaduni wake kwa sanaa yao. Mnyampala akaikuza ngonjera, utungo wa majibizano ambamo pande mbili hushindana kwa hoja hadi zikakubaliana. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971.

Ngonjera ikaenea shuleni, vijijini na kwenye sherehe. Hilo lilikuwa jema kubwa: watoto wasiopata kusikia ushairi wakasimama mbele za watu wakausema, na hata kijiji cha mbali kikapata jukwaa. Lakini nani hakumbuki zile ngonjera nyingine zilizotungwa usiku mmoja ili mgeni wa heshima apokewe asubuhi? Vina vilikuwapo, fikra haikuwapo. Tungo zilizidi mafundi wa kuzikosoa, na penye sherehe hakuna anayekosoa. Kosa halikuwa la ngonjera wala la watoto. Wito ulikuwa mkubwa kuliko idadi ya walimu wa kuupokea.

MLANGO ULIPOBANA

Tusiwaonee wageni peke yao. Mlinzi naye huweza kukosea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitokea vijana, wengi wao wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotunga bila vina wala mizani ya kawaida. Kahigi na Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi mwaka 1974. Wakongwe wengi walikataa katakata kuyaita hayo mashairi. Ugomvi ulikuwa mkali, ukaendelea miaka, hata Jumanne Mayoka akakiita kitabu chake cha mwaka 1984 Mgogoro wa Ushairi.

Leo, baada ya miaka zaidi ya hamsini, aina zote mbili zinasomwa, na Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, ahesabiwa miongoni mwa waandishi wakuu wa lugha hii. Wakongwe hawakuwa wajinga. Walikilinda kitu cha thamani, na vina vingali hai kwa sababu walivilinda. Lakini wapo kati yao waliofikiri kwamba anayetaka njia nyingine hana ujuzi, hali Kahigi na Mulokozi, kwa mfano, waliweza pia kutunga kwa vina na mizani kila walipotaka. Ujuzi ulikuwapo. Uliingia kwa mlango ambao haukuzoeleka.

Na Ufipa yenyewe inayo kumbukumbu nyingine ya mlango mwembamba. Mababu wa huko walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyompita mtu kwa urefu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila kuvukutwa. Kazi ya mikono ilitaka watu wengi. Ujuzi wa dawa, miiko na majira ulikuwa wa mabingwa wachache. Chuma cha viwandani kutoka nje kilipojaa madukani, uyeyushaji ulikoma, na hiyo ndiyo sababu kubwa, hatuwezi kuwalaumu mabingwa kwa hilo. Lakini ujuzi uliohifadhiwa na wachache ulibaki katika vichwa vya wachache. Watafiti, kama Randi Barndon wa Norway aliyechapisha kazi yake mwaka 2004, iliwabidi wawatafute wazee wenye kukumbuka. Jembe la Ufipa lilikwenda na siri yake. Matanuri yakabaki magofu porini.

KIWANGO NA KIZINGITI

Kutokana na yote hayo twaweza kusema neno moja la kushikwa: kiwango hupima kazi, kizingiti humpima mtu. Kiwango husema, "ubeti wako una mizani pungufu." Kizingiti husema, "wewe na lafudhi yako ya bara." Kiwango husema, "lete beti tatu mwezi huu." Kizingiti husema, "lete ada ya elfu ishirini." Chama kinachotaka kukua na kubaki bora hakina budi kukipandisha kiwango na kukishusha kizingiti.

Mara nyingine kizingiti hakionekani na walio ndani. Tuwarudie watu wetu wa Katandala. Wakihamisha mkutano kutoka Jumamosi alasiri hadi saa mbili usiku, watakuwa wamemfukuza muuza maharage bila kusema neno, kwa maana saa hiyo yumo jikoni, ana watoto, na njia ina giza na baridi. Watadhani amekata tamaa. Kumbe wamepoteza jicho lao kali la vina, na nafasi yake imechukuliwa na wenye nafasi ya kukesha. Vivyo hivyo wakimcheka kijana wa Laela au Matai kwa kuwa Kifipa kimejitokeza katika matamshi yake, watakuwa wamepima ulimi wakaacha kupima utungo. Mnyampala aliyatoka maneno ya Kigogo akawa bingwa wa Kiswahili. Kwa nini Mfipa asiweze?

MAMBO YA KUFANYA

Kwa wale walio na kikundi, au wanaotaka kukianzisha, twatoa ushauri huu wa matumizi.

Andikeni kanuni zenu katika karatasi moja tu, zisomeke kwa dakika tano, na kila anayebisha hodi apewe nakala. Kanuni zisizotosha karatasi moja huwa ni vizingiti vilivyovaa kanzu.

Mgeni aingie kwa kazi. Asiulizwe anatoka wapi wala anafanya kazi gani. Aulizwe ameleta nini. Akiwa hana kitu, akaribishwe kusikiliza kwa msimu mmoja, na hilo lihesabiwe kuwa heshima.

Kosoeni kazi mbele ya wote, na mwenye kazi mkosoeni faraghani. Ubeti ni wa chama. Aibu ni ya mtu.

Kundi likizidi watu kumi na watano, ligawanyike kama mzinga wa nyuki ugawanyikavyo. Kundi moja libaki Katandala, lingine liende Izia au Kizwite, na kila robo ya mwaka yakutane yote kushindana. Mkutano wa watu hamsini ni hadhara, na hadharani watu husikiliza wachache.

Zaidi ya yote, wachungeni walio kimya. Mwanachama hodari akikosa mara mbili, mtu aende akamjulie hali. Asiulizwe kwa nini hahudhurii. Aulizwe ni nini kilichokuwa kinampendeza zamani ambacho sasa hakipo. Jibu lake litawafaa kuliko ripoti ya katibu.

Wala msione haya kumwambia mtu kwamba mahali hapa si pake. Yuko apendaye kuimba tu bila kutunga. Huyo kwaya inamngoja. Yuko apendaye porojo, vijiwe vipo. Kumwelekeza mtu kwenye furaha yake ni wema. Kumweka mahali asipopapenda kwa ajili ya kujaza orodha ni kumdhulumu yeye na wenzake pia.

Ndugu msomaji, wakubwa wetu walikuwa na bahasha, stempu na barabara mbovu, nao wakaweza kuutoa ushairi Mrima wakaufikisha Ujiji ukiwa mzima. Sisi tuna lami na simu. Usingoje chama kikutafute. Jumapili hii kaa na karatasi, tunga ubeti mmoja wa mistari minne, mpe mtu mmoja umwaminiye, jirani, mkeo, mumeo au mwanao wa darasa la saba, umwombe akuhesabie mizani kwa vidole. Ikitimia 16, mfundishe naye. Mkishakuwa wawili mnaojua kuhesabu, mwaweza kumwita wa tatu.